Unga wa Chuma Mfukoni

Ovaroli ya mume wangu huwa naifua mwenyewe, siwaachii wengine. Ina grisi, ina kutu, ina matundu ya cheche kifuani, na mifuko yake imebeba kila kitu: nati, msumari uliopinda, kipande cha chaki, peremende iliyogandana na uzi. Kabla ya kuiloweka nageuza mifuko nje. Jumamosi ile, kesho yake ikiwa siku ya mbio za baiskeli, niligeuza mfuko wa kulia na kiganjani kwangu ukamwagika unga laini, mweusi, unaometameta. Niliusugua kwa vidole. Ulikuwa unga wa chuma, ule unaodondoka mtu akipiga tupa.

Nilipindua ndoo nikaikalia.

Mwingine angekung'uta mkono akaendelea na sabuni yake. Lakini mimi nimeishi na fundi wa kuchomelea vyuma tangu nina nywele nyeusi tii, na najua kwamba mume wangu hapigi tupa juu ya mshono. Anachomelea, anaacha chuma kipoe chenyewe, anakigonga kwa spana asikie kinavyolia, basi. Mshono unabaki umevimba, una mawimbi madogo yaliyolingana utadhani umepitishwa kwenye cherehani. Ndiyo maana mtaani wanamwita Mshono, na wapo wasiojua kama ana jina jingine. Wanafunzi wake wote aliwaimbia wimbo huo huo: fundi anayesawazisha mshono kwa tupa ana jambo anaficha, na kila anavyoficha anaula ule uvimbe, na uvimbe ndio unaoshika.

Na wiki ile kazi aliyokuwa nayo mezani ilikuwa moja tu, shingo ya baiskeli ya mjukuu wetu.

Mjukuu wetu tunamwita Kijiko. Babu yake ndiye aliyempa jina alipoletwa kwetu mdogo, mwembamba huku chini, kichwa cha mviringo huku juu. Mama yake, binti yangu, ni muuguzi katika mji wa mbali na huja wakati wa likizo. Sasa Kijiko ni msichana mkubwa, anasambaza mikate ya kiwanda madukani kwa baiskeli, kreti mbele na kreti nyuma, na mikate hiyo ndiyo iliyomfundisha mwendo, maana wenye maduka wanataka mkate ufike ungali wa moto. Kila mwaka hapa kwetu kuna mbio za baiskeli za watu wa kawaida: wauza maziwa, walimu, makarani, mafundi. Wanawake watatu wa kwanza huchukuliwa na timu ya mkoa, wanapewa baiskeli ya maana na mtu wa kuwafundisha. Mwaka uliotangulia Kijiko alikuwa wa nne. Alikosa kwa urefu wa tairi, akarudi nyumbani akalala na viatu. Timu ile haichukui mtu akishapita umri fulani, na umri huo ulikuwa umeshaanza kumbishia hodi. Kwake yeye mbio hizi zilikuwa za mwisho.

Fremu yake ilipasuka shingoni, pale usukani unapoingilia, kwa uzito wa kreti. Ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana yetu, yuko fundi kijana aitwaye Cheche, aliyefundishwa kazi na mume wangu mwenyewe. Wateja wetu karibu wote wamehamia kwake. Sababu yake kila mtu anaijua, na nyumbani kwetu haijawahi kutamkwa: mikono ya mzee inatetemeka. Ilianza kidogo kidogo, kikombe kikilia juu ya kisahani. Tukaacha kutumia visahani, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Kisha mimi nikaanza kummiminia chai nusu kikombe, na yeye akaanza kusema kwamba siku hizi chai nyingi inamsumbua tumbo.

Kijiko angeweza kuvuka barabara. Hakuvuka. Aliisukuma baiskeli mpaka mlangoni kwa babu yake akamwambia amemletea mgonjwa. Mzee akawa kijana wiki nzima. Alinyoa ndevu. Alipiga mluzi, ambao sikuwa nimeusikia tangu wateja waanze kutukimbia. Alijifungia karakanani akifanya kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na mimi nikajiambia anataka kutushangaza. Alipoitoa ilikuwa imepakwa rangi nyekundu, shingo nyororo kama ya chupa, huoni mshono unapoanzia wala unapoishia. Majirani walisifu. Mimi pia nilisifu.

Sasa niliangalia kiganja changu nikaelewa tulichokuwa tunakisifu. Mkono ulimtetemeka, mshono ukatoka na makunyanzi, akaona aibu, akaupiga tupa mpaka ukalainika, akauvisha rangi. Na kesho Kijiko angepanda na baiskeli hiyo mpaka kwenye tangi la maji kule kilimani, kisha angeshuka ule mteremko wa kona hadi darajani, ambako waendesha baiskeli huenda kasi ya magari. Shingo ikikatika pale, usukani unabaki mikononi na mwili unakwenda peke yake.

Nilijifuta mikono nikamfuata mzee. Alikuwa amekaa mlangoni mwa karakana anaota jua, mikono ameikalia chini ya mapaja, kama alivyozoea siku hizi. Nilimwuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi, kama ile shingo aliipitishia tupa. Hakunitazama. Alisema alipunguza kidogo tu ili rangi ikae. Nikamwambia, mzee wangu, wewe hupunguzi. Alimfuata kwa macho mtu aliyepita na mkokoteni mpaka akapotea, ndipo akasema:

"Mama, mimi nimewahi kukuuliza unavyopika?"

Hajawahi kuniambia hivyo tangu anioe. Na hata hivyo kilichonikata maini si maneno. Alinyanyua mkono kunionyesha niende zangu, mkono ukakataa kutulia hewani, akaurudisha haraka chini ya paja kama mtu aliyekutwa na kitu cha watu. Nikaondoka. Ningeongeza neno moja ningekuwa nimemwambia usoni kwamba mikono imekwisha, na mtu huyu hana kitu kingine. Hachezi karata, redio inamchosha, marafiki zake ni vyuma.

Nikavuka barabara. Cheche alizima mashine, akavua kinyago chake cha kuchomelea, akanivutia kiti. Nilimwuliza kwa kuzungukazunguka: hivi mshono ukipigwa tupa unakuwaje. Kijana yule si mjinga. Alivitazama vidole vyangu vyeusi, akatazama ng'ambo alikokaa mwalimu wake, akashusha sauti. Alisema kwenye tambarare hakuna neno, na kwenye kupanda si neno kubwa. Matata yako kwenye mteremko. Ukibana breki ya mbele, uzito wote wa mtu unamwagikia shingoni, na ukigonga shimo kwa kasi ni yale yale.

Nilimwomba aichomelee upya. Nikamwambia nitaitoa baiskeli kwa mlango wa nyuma, nitaisingizia tairi, nitasema lolote. Akatikisa kichwa. Yule kijana ana adabu zake, na siku ile nilitamani asingekuwa nazo. Kwa mafundi waliotoka karakana yetu, mshono wa mtu hauguswi na mwingine mpaka mwenyewe autoe kwa mkono wake na aseme ameutoa. Hilo nalo mume wangu ndiye aliyewafundisha.

"Mama, nikiugusa hajanipa, nitakuwa nimemzika na yeye amekaa pale mlangoni," Cheche aliniambia. "Akinipa, hizi kazi zote naziweka chini sasa hivi."

Nikamwuliza, na asipotoa je. Alifuta kioo cha kinyago kwa shati lake, upande huu, upande ule.

"Basi ashuke na breki ya nyuma. Aishike tangu juu, baiskeli isipate kasi kabisa."

Jioni nilimwita Kijiko jikoni nimwambie waziwazi. Akaja, uso unang'aa, mikono ina mafuta ya cheni, na kabla sijafungua mdomo akaniuliza kama nimeona babu alivyokula vizuri leo. Nikampa ndizi. Akaimenya palepale, akatoka nayo uani.

Mimi na Kijiko tumelelewa pamoja na vitendawili. Yeye nilimlea navyo, na mimi uzee wangu ananilea navyo yeye. Wengine wakishindwa hutoa mji. Sisi miji ilituishia zamani, kwa hiyo anayeshindwa hupewa kazi, na kazi haikataliwi. Yeye amewahi kuosha madirisha ya nyumba nzima kwa ajili ya kitendawili cha kivuli. Mimi nimewahi kwenda dukani nimevaa kofia yake ya mbio kichwani, nikanunua sukari nikarudi, kwa sababu nilishindwa kitendawili cha zipu. Mzee havipendi. Husema kama mtu anajua jambo aliseme, akizunguka anachosha wenzake.

Nilitoka uani na kikapu cha nguo kavu nikaanza kukunja. Kijiko alikuwa amechuchumaa anafuta cheni kwa kitambaa. Mzee yuko kitini pembeni, anaitazama baiskeli kama mtu anavyomtazama mtoto anayeanza shule.

"Kitendawili," nilisema.

"Tega," akasema Kijiko bila kuinua kichwa.

"Mnaanza tena," akasema mzee.

"Nina nguzo yangu. Nimeilamba mpaka ikang'aa, nikaivika nguo nyekundu. Wageni wanasifu nguo."

Kitambaa kilisimama juu ya cheni. Kijiko ni mtu wa kujibu kabla hujamaliza kutega. Siku nyingine namwambia aninyamazie nifike mwisho. Safari hii alinyamaza. Aliinua macho, hakunitazama mimi, aliitazama shingo ya baiskeli kidogo tu, kama unavyomtazama mtu uliyekatazwa kumtazama, akarudi kwenye cheni yake. Nilijua ameshajua. Na nikaona jambo jingine lililonitia baridi kuliko lile la kwanza: hakushtuka. Ule ulikuwa uso wa mtu aliyekumbushwa.

"Imenishinda, bibi," alisema. "Nipe kazi."

Mzee akacheka, akasema leo amepatikana. Nilikunja shuka moja mara nyingi mno mpaka ikawa kama tofali.

"Kazi yako ni ya kesho. Ukifika kwenye tangi la maji, shika breki ya nyuma. Ya nyuma peke yake, na usiiachie mpaka darajani."

Kicheko cha mzee kikakatika. Alisema hiyo ni kazi gani tena, mbio zile zinashindiwa kwenye mteremko, kila mtu anajua, na Kijiko kwenye mteremko hana mpinzani, kreti za mikate zimemfundisha. Aliniambia niache kumharibia mtoto siku yake kwa michezo ya jikoni. Alikuwa amekasirika kweli. Nilimwacha aseme. Kijiko aliendelea kufuta cheni iliyokwisha kutakata.

"Kazi ni kazi, babu," alisema mwishowe.

Kesho yake watu walijaa kandokando ya barabara ya soko, mahali mbio zinapoishia. Mtangazaji alisimama juu ya gari dogo la mizigo na kipaza sauti, akipigiwa simu na mwenzake aliyefuata mbio kwa pikipiki, na kila alichosikia alikitia chumvi kabla ya kututangazia. Mzee alivaa shati lililopigwa pasi. Tulipata viti vya plastiki mbele kabisa, na kila aliyepita kutusalimu aliambiwa kwamba shingo ya ile baiskeli nyekundu ameichomelea yeye. Cheche nilimwona upande wa pili wa barabara, amesimama amekunja mikono, hasalimiani na mtu.

Kupanda kilima, Kijiko aliongoza. Nyuma yake walikuwapo mwalimu mmoja wa chekechea na dada mmoja muuza maziwa, wengine wameachwa.

"Kijiko anakoroga, jamani," alisema mtangazaji, "wenzake wote wamekuwa sukari."

Watu wakaangua kicheko. Mzee alinishika kifundo cha mkono, na mkono wake ulikuwa unatetemeka mbele ya kadamnasi, akasahau kuuficha. Alikuwa na furaha kiasi hicho. Nami roho yangu ilikuwa imeshapanda, iko juu ya tangi la maji inamsubiri mtoto. Nilijiuliza kama atakumbuka. Nilijiuliza zaidi kama atataka kukumbuka, kwa maana alikuwa wa kwanza, barabara mbele yake tupu, na ule mteremko ni wake.

Mtangazaji aliibana simu sikioni. Kisha akasema Kijiko amefika kwenye tangi. Kisha akasema, kwa sauti iliyopungua utani, kwamba Kijiko ana jambo. Ameshika breki. Mwalimu amempita. Muuza maziwa amempita. Wanne wengine wanakuja nyuma, wamempita na wao.

Nyuma yetu mwanaume mmoja akasema anashuka kama amebeba mayai. Mwenzake akamwambia ni mikate ile, anaogopa itapondeka. Wakacheka. Mzee alisimama, akaniuliza mimi kama ni tairi, kama ni cheni, kama mtoto ameumia. Kila jina lililotajwa kwamba limempita Kijiko, moyoni nilishukuru, na nikaona haya kwa kushukuru. Yalikuwa majina ya watu wanaomnyang'anya kitu alichokitafuta kwa jasho la miaka, na mimi nayapokea kama salamu.

Mtangazaji aliposema amevuka daraja, ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimesimama, nikakaa.

Kijiko aliingia wa saba. Hakulia. Alishuka, akaiegemeza baiskeli kwenye kiti cha babu yake, akafungua mkanda wa kofia kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa kushika breki.

"Miguu imenikataa, babu," alisema.

Mzee anaijua miguu ya Kijiko. Alichuchumaa kuangalia kama gurudumu la nyuma limepinda, akagusa ringi yake, akautoa mkono haraka. Ilikuwa ya moto. Raba za breki zilikuwa zimelika zimebaki ganda, na harufu yake ya kuungua hata mimi niliisikia. Akasogea mbele bado amechuchumaa, akaigusa ringi ya gurudumu la mbele. Akauacha mkono wake pale. Ilikuwa ya baridi.

Fundi hahitaji kusomewa. Mtu anayeshuka mteremko wote ule bila kugusa breki ya mbele ni mtu asiyeiamini shingo. Mzee alibaki chini, watu wanampita huku na huku, washindi wanaitwa jukwaani, bwana mmoja wa timu ya mkoa anawashika mikono mmoja mmoja. Kisha aliinua uso akanitazama mimi.

"Nguo nyekundu," alisema. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa nafuu angesema kwa hasira.

Aliisukuma baiskeli mwenyewe mpaka nyumbani, hakutaka kupokewa. Mimi na Kijiko tulifuata nyuma yake. Wengine walitupa pole, wengine walimwuliza Kijiko kama aliona simba kule kwenye kona, naye aliwajibu kwamba aliwaona wawili, na mmoja alikuwa amevaa miwani. Utani wake ulikuwa vilevile. Ila kofia alikuwa ameishika kwa mikono yote miwili, kama sufuria yenye maji.

Karakanani mzee aliacha mlango wazi. Aliilaza baiskeli mezani, akachukua kisu, akaanza kukwangua rangi shingoni. Mkono ulitetemeka, kisu kikaruka huku na kule kikachora mistari isiyohitajika, na hakuna aliyethubutu kumwambia lete nikusaidie. Rangi ilipotoka tuliuona. Ulikuwa ufa mwembamba kama unywele, unaanzia chini unapanda ubavuni. Mzee aliupitisha ukucha. Ukucha ukaingia.

"Huu umefunguka leo," alisema. "Kwa breki ya nyuma peke yake, umefunguka."

Hakuna aliyesema kingefunguka nini kwa breki ya mbele. Alikaa kwenye kigoda chake cha kazi, akamwuliza Kijiko alijua tangu lini.

Kijiko alisema tangu siku aliyokabidhiwa. Alipitisha kidole akautafuta mshono hakuuona. Mshono wa babu yake anaujua kwa kidole tangu mtoto, alikuwa akiupapasa kwenye miguu ya kitanda mpaka usingizi umpitie.

"Na ukapanda."

Kijiko alitazama sakafu, ile iliyojaa vijiti vya kuchomelea vilivyoisha.

"Ulikuwa unapiga mluzi, babu."

Siwezi kueleza mzee alivyokaa baada ya hapo. Hakuikalia tena mikono. Aliiweka mezani mbele yetu, kando ya ule ufa, akaiangalia inavyotetemeka kama anayeangalia wanyama wa mtu mwingine walioingia shambani kwake. Mimi nilitaka kusema kitu. Vitendawili havikufaa tena, na lile neno la waziwazi, ambalo yeye amelitaka maisha yake yote, nilikuwa nimechelewa kulisema.

Karakana haikufunguliwa siku kadhaa. Mzee alikunywa chai yake nusu kikombe, akalala, akaamka, akalala. Kijiko alipeleka mikate kwa baiskeli ya kuazima ya kiwandani, nzito kama kitanda, akarudi akiwa hoi, na akipita mbele ya mlango uliofungwa aliangalia pembeni. Timu ya mkoa ilianza mazoezi bila yeye. Ule umri uliokuwa ukimbishia hodi ulikuwa umeshaingia umekaa kitini.

Kisha jioni moja tulikuwa uani watatu, mimi nachambua mchele, Kijiko anakanda miguu yake, mzee kitini. Akasema:

"Kitendawili."

Mimi na Kijiko tulitazamana. Katika maisha yetu yote na mtu yule hatukuwa tumewahi kusikia neno lile likitoka kinywani kwake.

"Tega," alisema Kijiko, sauti ndogo.

Mzee alikohoa. Alitega vibaya, kama mtu anayevaa kiatu cha mwenzake.

"Mashine ninayo nzima. Moto ninao, chuma ninacho, kichwa ninacho. Kazi inaharibika. Kimeharibika nini?"

Mtoto mdogo angejibu. Kijiko aliacha kukanda miguu, akamtazama babu yake.

"Imenishinda, babu."

"Umeshindwa kweli?"

"Nimeshindwa."

"Basi kazi yako," mzee alisema, akaugeukia mlango wa karakana uliofungwa. "Kazi yako, vuka barabara. Mpe Cheche ile shingo. Mwambie nimeitoa mimi, kwa mkono wangu."

Aliinuka akafungua karakana. Aliitoa baiskeli nje akamshikisha Kijiko usukani, na kwa kuwa hakuuachia upesi, usukani wote ulitetemeka kati yao, breki zikagongana na vyuma, kengele ikalia yenyewe kidogo kidogo. Kisha akauachia. Kijiko akavuka.

Mzee aliingia ndani akavua ovaroli, akaniletea. Nilipitisha mkono mfukoni kama kawaida yangu. Hakukuwa na unga. Kulikuwa na ile peremende yake na uzi. Alikuja akakaa kando yangu, na kutoka ng'ambo tukasikia mashine ya Cheche ikiwashwa, kisha ule mlio wa kijiti kikigusa chuma.

Mzee alitega sikio.

"Anakimbia," alisema. "Kijiti kikilia hivyo kinakimbizwa. Atapaacha patupu katikati."

Nikamwambia aende akamwambie, barabara yenyewe si pana. Aliitazama barabara. Alitazama mikono yake, akatazama tena barabara.

"Nimeshautoa, mama."

Tukakaa tunasikiliza. Mlio uliendelea na haraka yake, kisha wenyewe, bila mtu kuvuka, ukapungua, ukatulia, ukawa wa mtu anayeshona akijua anakokwenda. Mzee alifumba macho. Sikumwuliza kama amefurahi au ameumia. Niliigeuza mifuko nje nikailoweka ovaroli, ingawa ilikuwa safi.